Siku Saba za Rafiki

Mshoni hupima nguo kwa mwili wa mvaaji, na mpishi huonja mchuzi kwa ajili ya walaji. Hapana fundi mwenye akili timamu akataye kanzu ya mtu wa Mombasa kwa kipimo cha mabega ya mtu wa mbali asiyepata kumwona. Kanuni hii ni nyepesi, na kwa wepesi wake hudharauliwa. Ilidharauliwa mjini Nairobi katika wiki ya mwisho ya Septemba 2018, wakati filamu iitwayo Rafiki ilipofunguliwa milango ya majumba ya sinema kwa siku saba, kisha ikafungiwa tena. Wengi walizisifu siku zile kuwa ni ushindi. Lakini hazikuwa ushindi wa mtazamaji, maana mtazamaji hakuwa kipimo chake. Na wapenzi wa filamu wanaozishukuru wanashukuru kitu ambacho hawakupewa wao.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wanuri Kahiu, mwongozaji wa filamu wa Kenya, alitengeneza Rafiki kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku filamu hiyo, ikidai kwamba kusudi lake ni kueneza mapenzi ya jinsia moja kinyume cha sheria na maadili ya nchi. Ikaonya pia kwamba atakayepatikana na nakala yake atakuwa amevunja sheria. Mwezi uliofuata filamu ile ile ilioneshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, ikawa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa huko. Mwongozaji akaenda mahakamani. Tarehe 21 Septemba, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watazamaji watu wazima tu. Sababu ya kuwa saba, wala si tatu au thelathini, ilikuwa kanuni ya wakati huo ya tuzo za Oscar za Marekani: filamu ya nchi ya nje iliyotaka kushindana ilikuwa sharti iwe imeoneshwa katika nchi yake, kwa watu wanaolipa kiingilio, siku saba mfululizo. Muda wa kupeleka filamu ulikuwa ukikaribia kwisha.

Milango ikafunguliwa. Katika jumba la Prestige, kando ya Barabara ya Ngong, tiketi zilimalizika na maonyesho yakaongezwa. Mombasa na Kisumu nako filamu ikapata nafasi. Wiki ilipokwisha, marufuku ilirudi mahali pake kama kifuniko juu ya chungu. Aprili 2020 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kuiunga mkono Bodi, na mabishano ya kisheria hayakuishia hapo.

Yafaa kwanza ielezwe filamu hii ni ya namna gani, maana waliobishana juu yake kwa sauti kubwa aghalabu ni wale ambao hawakuiona. Kena ni binti anayecheza kandanda pamoja na wavulana na kupita mitaani juu ya ubao wa magurudumu. Baba yake ana duka dogo, naye anagombea kiti cha uwakilishi wa mtaa. Ziki, mwenye nywele zilizosukwa kwa nyuzi za rangi, ni binti wa mgombea mwenzake. Baina ya mabango ya baba wawili wanaoshindana, mabinti wawili wanapendana; na mtaa mzima, kuanzia kibanda cha chakula chenye mama mwenye ulimi mrefu hadi kanisani, unatazama, unanong'ona, na hatimaye unapiga. Hiyo ndiyo hadithi, nayo si ngeni: ni ile ya kale ya wapendanao wa nyumba mbili hasimu.

Kilicho kigeni ni namna ya kuisimulia. Picha zake zimejaa rangi za waridi na zambarau, muziki wake una mchezo, na maskani yake ya Nairobi hayakutengenezwa ili kumwonea huruma mtu yeyote. Kahiu ameipa namna hii ya sanaa jina la Afrobubblegum, akilitoa katika pipi ya kutafuna, kwa maana ya sanaa ya Kiafrika iliyo na furaha, ukali na upuuzi wa makusudi. Kwa muda mrefu filamu za Afrika zilizosafiri mbali zilitakiwa zibebe vita, njaa au maradhi, kana kwamba bila mizigo hiyo Mwafrika hana jambo la kuoneshwa. Filamu ya vituko na rangi, inayothubutu kuwa nyepesi juu ya jambo zito, ni kiumbe adimu, na kiumbe adimu huhitaji muda ili macho yamzoee. Hata jina lake linataka kutafakariwa. Neno rafiki lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako lina maana ya mwenzi, hasa mwenzi wa safari. Na mwongozaji ameeleza kwamba nchini mwake wapenzi wa jinsia moja hulazimika kutambulishana kwa neno hilo, kwa kuwa neno la kweli haliwezi kutamkwa. Neno moja la Kiswahili limebeba sitara na ukweli kwa pamoja. Wanafunzi wa lugha wangeweza kulijadili mwaka mzima. Walipewa wiki moja.

Juu ya wiki hiyo husemwa maneno ya namna tatu, na kila moja lina watu wake.

La kwanza ni la wenye kushukuru. Hawa ni wapenzi wa filamu wenyewe, na wengi wao walisimama foleni. Husema kwamba nusu shari ni kheri kuliko shari kamili. Kwamba siku saba si haba mahali ambapo jana hapakuwa na hata moja. Na kwamba mwenye njaa haulizi sahani ilinunuliwa wapi. Shukrani yao inaeleweka, lakini hoja yao haisimami. Siku zile hazikukatwa kutoka katika haki ya mtazamaji wa Nairobi, zikapunguzwa kwa tahadhari hadi kufikia saba. Zilikatwa kutoka katika kanuni ya watoa tuzo wa California. Kama kanuni ile ingetaka siku tatu, Nairobi ingepata tatu. Na kama isingetaka hata moja, ombi la haraka lililopelekwa mahakamani lingekosa mguu wake mmoja. Watu waliojaza jumba la Prestige walikuwa, kwa mujibu wa mantiki ya amri ile, mashahidi walioletwa kuthibitisha kwamba filamu imeoneshwa. Walihitajika kama saini inavyohitajika chini ya hati.

Jambo hili lathibitishwa na yaliyofuata. Kamati ya Kenya iliyokuwa na kazi ya kuteua haikuipeleka Rafiki Marekani; ilichagua Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu njema juu ya mtoto mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Hapa mwenye kushukuru na atulie kidogo. Ikiwa siku saba zilikuwa na thamani kwa sababu ya tuzo tu, basi thamani yake iliteketea siku kamati ilipotangaza uteuzi wake, na wiki nzima ilikuwa kazi bure. Na ikiwa hazikuwa bure, kama kila aliyekuwamo ukumbini atakavyoapa, basi thamani yake ilikuwa kwingine tangu mwanzo: ilikuwa katika watu waliotazama, wakacheka, wakanyamaza, wakatoka wakibishana hadi kituo cha matatu. Hapana njia ya tatu. Lakini kukubali kwamba thamani ilikuwa katika watazamaji ni kukubali kwamba siku ya nane ilikuwa na haki ile ile ya siku ya saba.

Jaji mwenyewe alilikaribia neno hili. Katika uamuzi wake alisema hakusadiki kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa kwa kutazama tu filamu ya namna hiyo. Ni kauli ya heshima, na iliwapa Wakenya adabu ambayo Bodi iliwanyima. Ni kweli pia kwamba amri ile ilikuwa ya muda, kesi ya msingi ikingojea kusikizwa, na jaji hutoa alichoombwa. Hata hivyo kauli ile, ikishatamkwa, haina saa ya mkononi. Jamii iliyo imara kwa siku saba haiwi dhaifu kwa kupambazuka kwa ya nane. Nyumba ambayo haianguki kwa upepo wa leo haihitaji kufungwa kamba kesho kwa sababu kalenda imebadilika.

Neno la pili ni la wafanyabiashara, na baadhi ya wasomi huliazima. Husema kwamba filamu ya vituko ina wapenzi wachache; kwamba wachache hao humalizika katika siku chache; na kwamba kuipa muda zaidi ni kuweka viti vitupu mbele ya kitambaa cheupe. Kwa hiyo, wasema, hata bila marufuku Rafiki isingeishi zaidi ya wiki mbili, na kelele zote ni juu ya siku ambazo zisingekuwa na watu.

Kwa hoja hii dawa yake ni mfano. Desemba 1971, huko Marekani, ilitoka filamu ya Hal Ashby iitwayo Harold and Maude, juu ya kijana anayejifanya kujiua kila mara na kikongwe wa miaka karibu 80 anayemfundisha kupenda uhai. Wawili hao wakapendana. Ilikuwa filamu ya ajabu kuliko ajabu. Wahakiki wengi waliichukia, na majumba mengi yakaitupa. Lakini katika jumba la Westgate, mjini Edina, kando ya Minneapolis, mwenye jumba aliiacha mahali pake. Ilianza huko mwaka 1972 na haikuondoka hadi 1974, wiki 115 kwa jumla. Baadhi ya majirani walichoka hata wakasimama nje na mabango wakidai waoneshwe picha nyingine. Mwaka 1997 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya filamu za Marekani zinazohifadhiwa kama urithi wa taifa. Wapenzi wake hawakuwa wamekaa mahali wakingoja kuhesabiwa. Walitengenezwa na muda: mmoja alitazama, akarudi na mwenziwe, mwenziwe akaleta ndugu. Wiki 115 na siku 7: msomaji na aziweke tarakimu hizi mbili kando kwa kando, kisha aulize ni ipi kati yake inayoweza kusema ukweli juu ya filamu ya ajabu.

Wala si lazima kwenda Minnesota. Watu wa pwani hawajasahau jinsi picha za Kihindi zilivyopendwa. Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka India mwaka 1951, ilikuwa kipenzi cha Zanzibar. Watu waliiona zaidi ya mara moja, wakazijua nyimbo zake bila kuijua lugha yake. Filamu hukaa katika mji kwa kurudiwa. Inayotazamwa mara moja na watu waliobahatika hubaki kuwa habari. Inayorudiwa na watu wa kila namna huwa sehemu ya mazungumzo ya mji, kama methali ambayo hapana anayekumbuka aliisikia kwa nani kwanza.

Hapa haki itendeke kwa pande zote. Kumbi zilizojaa Septemba 2018 hazithibitishi kwamba Rafiki ilipendwa. Huenda wengi walikuja kwa sababu ya katazo, kama mtoto anavyopenda kabati lililofungwa kuliko lililo wazi. Huenda wiki ya tatu viti vingepwaya. Lakini katika jambo hili ndipo madhara ya siku saba yanapoonekana: zilitosha kukusanya shauku ya katazo, hazikutosha kuipoza ili hukumu ya kweli ianze. Mhakiki hakupata kujua kama filamu ni nzuri au inasifiwa kwa ushujaa wake tu. Samantha Mugatsia, aliyecheza Kena, alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou, mwaka 2019. Je, watu wa Kisumu walioikosa wiki ile waliafiki au walipinga? Hawakuulizwa. Katazo huharibu hata uhakiki wa kukosoa, maana nani mwenye haya atakayeikosoa kazi ambayo mwenyewe amezibwa mdomo? Adui wa filamu na mpenzi wake wote wawili walinyang'anywa kitu kimoja: nafasi ya kuitazama kwa moyo uliotulia.

Neno la tatu ni la walinzi wa maadili, na ndilo zito. Husema kwamba jamii ina haki ya kujilinda. Kwamba watoto wako hatarini. Kwamba sheria ni sheria. Na kwamba mwenye nyumba ndiye ajuaye picha ya kutundika ukutani.

Juu ya watoto, jibu ni fupi: amri ya mahakama iliwahusu watu wazima tu, na kazi ya kuainisha, kama jina la Bodi linavyoonesha, ni kusema nani atazame nini kwa umri gani. Kuainisha ni kuweka alama juu ya mlango. Kupiga marufuku ni kuujenga mlango kwa matofali. Anayefanya la pili kwa jina la kwanza anatumia vibaya lugha kabla hajatumia vibaya sheria.

Juu ya sheria yenyewe, na itazamwe ilikotoka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ambayo Bodi iliitumia ilitungwa mwaka 1962, kabla ya Uhuru wa Kenya, na vifungu vya jinai vinavyotajwa pamoja nayo ni vya wakoloni vilevile. Katika Afrika Mashariki ya wakati huo wakaguzi waliweza kuipitisha filamu moja kwa Wazungu na kuizuia isionwe na Waafrika, kwa hoja kwamba Mwafrika, hata akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, hawezi kupambanua mchezo na mambo ya kweli. Mwaka 2018 filamu ya Kenya, iliyochezwa na Wakenya katika mitaa ya Nairobi, ilikuwa halali kwa macho ya watazamaji wa Cannes na hatari kwa macho ya watu wa mitaa ile ile. Wenye kuzuia wamebadilika, na nia zao huenda zikawa safi. Lakini dhana juu ya mtazamaji haikubadilika. Anayetetea katazo kwa jina la utamaduni wa Kiafrika na ajue kwamba ameshika fimbo iliyochongwa na wale waliowadharau Waafrika.

Juu ya maadili, yako maelezo ya mwongozaji mwenyewe: kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wa filamu, kwa kuwa haukuonesha majuto ya kutosha. Ikiwa ndivyo, basi ugomvi haukuwa juu ya kuonesha mapenzi ya mabinti wawili, bali juu ya kutowaadhibu. Mabinti wakipigwa na kujuta, filamu ni mafundisho. Wakipigwa na kubaki na matumaini, filamu ni uhalifu. Hukumu ya namna hii ni kumshika mtunzi mkono na kumwandikia sentensi ya mwisho. Mtu aweza kuamini kwa dhati kwamba mapenzi yale ni makosa, na bado akaona kwamba sanaa inayoandikiwa mwisho na ofisi haimfundishi mtu kitu, hata kile ambacho ofisi ilitaka kufundisha.

Fasihi ya Kiswahili ina kumbukumbu inayofaa hapa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971, ilionekana haifai, ikazuiwa isisomwe katika shule za Tanzania. Baadaye ikaruhusiwa, ikawa miongoni mwa riwaya zinazosomeshwa. Kilichoiokoa ni uvumilivu wa karatasi. Kitabu hukaa rafuni, kikakusanya vumbi, kikangoja wakaguzi wastaafu. Filamu ya ukumbini haina rafu ya namna hiyo. Maisha yake ni mkutano wa watu wasiojuana katika giza moja, kwa saa moja na nusu hivi. Mkutano ule ukivunjwa hauwekwi akiba. Kuitazama baadaye kwa siri, peke yako, katika simu yenye kioo kidogo, si kitu kile kile. Kicheko cha mtu mmoja hakimjibu mtu mwingine, na aliyekuja kukasirika hamwoni jirani yake akilia. Ndiyo maana katazo la filamu, hata likiwa la muda, ni zito kuliko la kitabu, na ndiyo maana wanaojifunza fasihi wasilitazame kama jambo la wenzao wa upande wa pili wa uwanja.

Basi ni nini kitakiwacho? Si kwamba kila filamu ya ajabu ipewe wiki 115. Mwenye jumba hulipa umeme na mishahara. Wala si kwamba Bodi ifungwe. Alama ya umri juu ya tangazo ni msaada kwa mzazi. Latakiwa jambo dogo na gumu: mtazamaji mtu mzima awe sababu inayojitosheleza. Wakili asilazimike kutaja tuzo ya ng'ambo ili mwananchi aoneshwe filamu ya nchi yake kwa lugha yake. Mwenye jumba naye aiache filamu ya vituko ipite wiki ya pili kabla ya kuhesabu viti. Nao wanaofundisha waandike juu ya kazi zenyewe, rangi zake, maneno yake na makosa yake, badala ya kuandika juu ya kashfa zake tu, maana kashfa ikiwa ndiyo habari yote, mkaguzi amekuwa mtunzi mwenza.

Na wapenzi wa filamu waache kushukuru. Waliosimama foleni Barabara ya Ngong walilipa kiingilio kama watu wazima, wakakaa, wakatazama hadi mwisho, wakarudi makwao, na nchi ikaamka kesho yake ikiwa pale ilipokuwa. Hiyo ndiyo hoja yao, nayo yatosha. Waipeleke mahakamani, bungeni na katika kurasa za majarida, bila kuambatisha barua ya kutoka Marekani.